Apolonia na Mawe ya Mlangoni

Apolonia wa Kagunze alikuwa na ugonjwa wa kushukuru. Ukimpa maji ya kunywa, asante. Ukimrudishia ungo wake mwenyewe uliokaa nao mwezi mzima, asante. Akimaliza kushona wavu, aliishukuru sindano kabla ya kuichomeka kwenye kilemba. Majirani walimtania kwamba siku yake ikifika atawashukuru wachimba kaburi kwa kazi nzuri, naye akawashukuru kwa utani. Hakuzaliwa hivyo. Alijifunza ukubwani, na kwa taabu.

Kagunze ni kijiji cha wavuvi ukingoni mwa ziwa, mwendo wa saa mbili kwa gari bovu kutoka Geita mjini. Apolonia alizaliwa hapo, akaolewa hapo na Sostenes, kisha akachukuliwa mpaka Maganzo, Sostenes alikokwenda kutafuta almasi. Miaka sita mume alichekecha mchanga, na miaka sita mke aliuza chai na maandazi kwa wachimbaji. Almasi hawakuipata. Walichopata ni binti, Vumilia, pamoja na Kiswahili. Apolonia alirudi Kagunze akikimwaga Kiswahili kama maji, cha sokoni na cha machimboni, na tangu hapo kila mgeni aliyekuja kijijini na karatasi aliletwa kwake kwanza. Wazee wa Kagunze walikuwa watu wa Kisukuma. Kiswahili walikisikia kanisani na mnadani, na hawakukiamini sana.

Sostenes naye akageuka mvuvi. Mwaka wa themanini na tatu alikwenda ziwani, mtumbwi ukarudi peke yake.

Sasa, mbele ya Kagunze kuna majabali mawili yaliyosimama majini yakiachiana nafasi, na mahali hapo panaitwa Mlangoni. Mtu akizama na ziwa likakataa kumtoa, ndugu zake husubiri siku saba, kisha huenda Mlangoni alfajiri kwa mtumbwi mmoja. Makasia huinuliwa. Aliye wa karibu zaidi humwita marehemu kwa jina, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anamwita aje kula. Halafu huingiza mkono chini ya jabali, huokota jiwe moja na kurudi nalo nyumbani, nalo huwekwa karibu na mtungi wa maji. Basi. Jina halitajwi tena. Anayelitaja mara ya pili anamgeuza njiani mtu aliyekwisha kufika. Msimulizi wa habari hizi si wa Kagunze, ndiyo maana amethubutu kumtaja Sostenes; na hapa anaacha.

Kwa sababu hiyo hakuna avuaye Mlangoni. Hakuna aogaye wala achotaye. Samaki wa pale wamenenepa mpaka wamekuwa wavivu, na mtoto mdogo wa Kagunze aliyeshika ndoano kwa mara ya kwanza anajua kwamba hapo hatupi.

Apolonia alimwita mumewe, akarudi na jiwe lenye ukubwa wa ngumi. Kisha akakaa ndani. Hakupika, hakupalilia, hakuchana nywele. Mwezi wa pili wa kukaa hivyo, alifika mwenye duka la nyavu wa Geita mjini, Mhindi mmoja mnene mwenye pumu, jina lake Pranlal, ambaye marehemu alikuwa akinunua kwake. Alileta sindano ya mti ya kushonea nyavu na rola zima la uzi. Alikaa kwenye kigoda kilichokuwa kidogo mno kwake, akasema, "Mama Vumilia, pole. Nyavu zangu zinachanika na huku hakuna anayejua kuzishona vizuri. Jifunze wewe." Akanywa maji, akaondoka.

Apolonia hakumwambia asante. Alimkasirikia. Lakini uzi ulikuwa pale, umekaa karibu na jiwe, na kesho yake akaanza kuuchezea. Baada ya mwaka mmoja nyavu zililetwa kwake kutoka vijiji vinne. Vumilia alisoma kwa uzi ule mpaka akawa muuguzi. Ndipo Apolonia alipoingiwa na ugonjwa niliousema: alitambua kwamba alikuwa amepewa maisha mkononi na hakufungua mdomo, na tangu siku ile akaamua kwamba kosa hilo halitamtokea tena.

Pranlal alifariki mwaka wa themanini na tisa. Jamaa zake walimchoma kwa desturi yao na majivu wakayatia katika chombo cha shaba. Hemal, mwanawe, alitaka kuyapeleka India. Mjane, Lataben, alikataa. Alisema mume wake amezaliwa Shinyanga, India aliiona mara moja tu na siku zote za huko aliumwa tumbo. Tena yeye mwenyewe aliacha neno: ameuza nyavu za ziwa hili miaka thelathini, apelekwe huko zilikokwenda nyavu zake.

Basi Lataben akaja Kagunze, na Apolonia akawa mkalimani wake mbele ya Mzee Maduhu, mtunzaji wa Mlangoni. Huyu alikuwa mzee mfupi, mkali, mla tumbaku, anayegombana na mbuzi wa watu kama vile wanamwelewa.

"Alizama?" aliuliza Maduhu kwa Kisukuma.

"Hapana, baba. Alifia kitandani."

"Basi si wa Mlangoni." Akatafuna tumbaku muda mrefu. "Lakini nyavu zake zimezama nyingi. Waambie waje alfajiri."

Walikwenda wanne katika mtumbwi: Maduhu, Lataben, Hemal na Apolonia. Lataben aliyamimina majivu na maua ya manjano, akasoma dua za kwao kwa sauti ndogo. Hakumwita mtu, wala hakuokota jiwe, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Apolonia alitaka kumwambia, kisha akajiambia kila watu na lao, asije akaonekana anampangia mjane mwenzake namna ya kulia. Mzee Maduhu alikawia kidogo kugeuza mtumbwi, mkono wake umo majini. Apolonia alidhani ananawa tumbaku.

Ndipo ukaja mwaka wa tisini na saba, na habari ya upepo.

Enzi hizo nchi yote ya Geita ilijaa watafuta dhahabu wenye mahema na magari mapya. Kampuni moja ya kigeni ilitaka umeme wa mitambo yake, na wataalamu wake wakapata wazo: kusimika minara saba ndani ya ziwa, kila mmoja mrefu kuliko kanisa, wenye mapanga matatu yanayozungushwa na upepo kama pangaboi. Walimtuma mhandisi kijana wa Kitanzania, Donatus, kuja kupima. Alikuwa mtu wa adabu. Alimwamkia kila mkubwa, akavua viatu alipokaribishwa ndani, na alipopewa dagaa alikula mpaka vichwa. Kagunze walimpenda.

Siku ya mkutano wa kwanza, Donatus alisimama mbele ya ofisi ya kijiji akauliza, "Mama, naomba uwaulize wazee. Yale maji yaliyo kati ya majabali mawili, kuna mtu anayavua? Anaoga? Anachota? Kuna mtu anayatumia kwa lolote?"

Apolonia aliuliza. Mzee Maduhu akanyanyua kidevu, na kwa majivuno makubwa akajibu kwamba tangu babu wa babu yake hakuna mtu wa Kagunze aliyeyagusa maji yale. Wote wakaitikia.

"Hakuna anayeyatumia, mwanangu," alisema Apolonia kwa Kiswahili chake safi. "Hata mmoja. Tangu zamani."

Donatus aliandika, akashukuru. Watu wakatawanyika kwa furaha, kwa maana waliona wameeleza kila kitu. Kijiji cha wavuvi chenye maji yaliyojaa samaki, na hakuna anayetupa hata ndoano: mtu mwenye akili zake aambiwe nini zaidi ya hapo? Kumtajia mgeni waliomo mle ingekuwa utovu wa adabu, kama kumwonyesha mgeni chumba cha kulala. Kagunze nzima ililala usingizi mnono.

Baada ya miezi mitatu Donatus alirudi na ramani. Ilitundikwa ukutani mwa ofisi, na katikati ya Mlangoni palikuwa na vitone saba vyekundu. Apolonia alipewa karatasi awasomee wenzake. Alisoma vizuri mpaka mstari wa nne, akaishia hapo. Mstari wa nne ulisema: *Eneo halina watumiaji. Imethibitishwa na wanakijiji wenyewe kupitia mkalimani wao.*

Mdomo huponza kichwa, husema wahenga, ila hapa mdomo wa mmoja ulikuwa umeponza vichwa vya wengi, tena vya watu wasioweza kujitetea. Hakuna aliyemlaumu waziwazi. Hilo lilimuuma zaidi. Alirudi nyumbani akaketi mbele ya jiwe, na kwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na minne aliona haya kulitazama. Alikuwa amemgawa mumewe kwa mikono miwili, na kwa Kiswahili safi.

Isidhaniwe kwamba Kagunze wote waliuchukia upepo. Theonest, fundi redio, alipita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba minara italeta taa, friji na hata video. Apolonia mwenyewe alizitamani taa. Macho yake yalikuwa yamechoka na matundu ya nyavu, na zahanati aliyofanyia kazi Vumilia ilizalisha wanawake kwa mwanga wa kandili. "Mimi siukatai upepo," alimwambia Donatus. "Upepo unavuma ziwa zima. Isimikeni upande wa pili wa rasi, na mimi nitakuwa wa kwanza kuwapikia mafundi. Hapo Mlangoni pana watu, mwanangu."

"Watu gani, mama?"

Akamweleza. Donatus alisikiliza mpaka mwisho, akafunika kalamu yake. "Kwa nini hamkuniambia siku ile?"

"Tulikuambia. Tulisema hakuna anayegusa."

Kijana aliitazama ramani tena. Kisha akasema kweli yake: yeye ameamini, lakini wakubwa wake hawako Kagunze. Watataka orodha ya marehemu, majina kamili na mwaka wa kila mmoja, ndugu zao watie sahihi. Bila majina wataona ni hadithi tu. Atarudi baada ya wiki mbili, na siku hiyo ndiyo ya mwisho.

Apolonia alipompelekea Mzee Maduhu habari hizo, mzee alitema tumbaku. "Majina yametajwa mara moja. Kutaja kwa kalamu ni kutaja vilevile." Ili kuwalinda waliozama iliwapasa kuwaita tena, na kuwaita tena ndiko hasa kuwapoteza. Apolonia alisema kwa hasira, "Laiti mawe yangekuwa na midomo." Maduhu akamtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Hayana," alisema. "Kwa hiyo hayakatazwi kwenda mkutanoni."

Wiki hiyo Apolonia alikwenda Geita mjini kununua uzi katika lile duka la nyavu. Hakukusudia kusema kitu, lakini Lataben alipomuuliza habari za nyumbani, machozi yalimtangulia. Alisimulia yote pale kaunta, mistari minne na vitone saba, na namna alivyokiharibu kijiji kwa ulimi wake. Lataben hakusema pole. Aliendelea kuufunga uzi katika gazeti, taratibu, akakunja pembe zote nne.

"Mkutano tarehe ngapi?" aliuliza.

Siku ilipofika, meza ya mwenyekiti wa kijiji ilitolewa nje. Donatus aliweka ramani juu yake, akaweka na karatasi tupu ya majina. Apolonia alikuwa wa kwanza. Alitoa jiwe kwenye khanga, akaliweka juu ya ramani. Hakusema neno. Nyuma yake alikuja mama mmoja na jiwe, na baada yake mzee na mawili, na kijana na moja, watu wakipanga mstari kama wanaokwenda kutoa sadaka. Theonest fundi redio naye alikuja na la kaka yake. Aliliweka bila kumtazama mtu, na habari ya video haikusikika tena kwake. Mwisho alikuja Mzee Maduhu na kikapu, akapanga ya ukoo wake moja moja. Mawe yalijaa ramani, yakafunika ziwa, yakafunika vitone vyote saba. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na siku hiyo Kagunze nzima iliusikia.

Donatus alihesabu kwa kunyoosha kidole, midomo ikitikisika. "Arobaini na matatu," alisema taratibu. "Mama, kila moja ni mtu?"

"Kila moja, mwanangu."

Alivua kofia. "Naamini. Lakini bado wataniuliza, yupo aliyetaja hata jina moja?"

Wakati huo pikapu la Hemal lilikuwa limekwisha kusimama kando ya barabara. Lataben alishuka na sari yake nyeupe ya ujane, akapita katikati ya watu waliomfungulia njia, akaweka mezani kile chombo cha shaba.

"Andika," alimwambia Donatus. "Mimi ni Lataben, nimezaliwa Shinyanga. Mume wangu Pranlal yuko kati ya majabali yale tangu mwaka wa themanini na tisa. Hawa desturi yao inawakataza kutaja. Yangu hainikatazi. Kama wakubwa wako wanataka jina, wape la kwangu, na kama wanataka sahihi nipe kalamu. Na uandike kwamba watu hawa walimpokea bila kumuuliza kabila wala dini, na mimi sijawahi kuwashukuru."

Donatus aliandika. Alipomaliza aliufuta ule mstari wa nne kwa kalamu, akaandika juu yake, na akampa Apolonia ausome kwa sauti. *Eneo lina wenyewe. Minara ihamishwe.* Apolonia alisoma kwa Kiswahili, akageuza kwa Kisukuma, na safari hii alieleza kila neno mpaka Maduhu akamwambia inatosha.

Miezi kadhaa baadaye barua ilikuja kwamba minara imehamishiwa ng'ambo ya rasi. Kisha kampuni ikapata dhahabu pengine, na minara haikusimama popote. Taa haikuja Kagunze miaka ile, na Apolonia aliendelea kulaumu koroboi lake na kulishukuru kwa pumzi moja. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile watu walikuwa wakichukua mawe yao. Kila mmoja alilijua lake, kama mama anavyojua kichwa cha mwanawe gizani. Apolonia alilikunja la kwake katika khanga na kuligusa mara mbili, haya imemtoka.

Mwishoni juu ya ramani lilibaki jiwe moja, jeusi, laini, halina mtu. Apolonia aliuliza ni la nani. Ndipo Mzee Maduhu akakohoa.

Alisema kwa Kisukuma, macho yake ardhini, na Apolonia akasikiliza mpaka mwisho kabla ya kufungua mdomo. Kisha akamgeukia Lataben.

"Mama Hemal, mzee anasema hili ni la mume wako. Siku tulipompeleka, alikuona hukuokota, akajua hukuijua desturi yetu. Aliokota yeye wakati anageuza mtumbwi. Amelitunza nyumbani kwake, karibu na mtungi, pamoja na ya watoto wake. Anasema alitaka kukupa siku zote hizi ila Kiswahili hana, na aliona haya kunituma mimi jambo ambalo alipaswa kulisema mwenyewe. Anasema umsamehe kwa kukuchelewesha miaka minane."

Lataben alilichukua kwa mikono yote miwili. Alilipima uzito kama alivyopima kila kitu maishani mwake.

"Nifanye nini nalo?"

"Uliweke ndani, mahali utakapopita kila siku. Humwiti. Unapita tu."

Mjane alilifunga katika pindo la sari, akafunga fundo. Apolonia alisubiri maneno ya kumgeuzia mzee. Lakini Lataben alikuwa amekaa kaunta miaka thelathini akiuzia Wasukuma, na neno moja la kushukuru kwa Kisukuma alilijua. Alimsogelea Mzee Maduhu, akainama kidogo.

"Wabeja, baba," alisema.

Mzee Maduhu alitikisa kichwa, akaanza kutafuta tumbaku yake katika mifuko yote, hata asiyokuwa nayo.